Bastola na Mpaka: Msafiri wa Juba Mbele ya Sheria za Silaha

Kibali cha kumiliki bastola ni ruhusa ambayo dola humpa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, kwa silaha moja inayotambulika kwa namba iliyochongwa mwilini mwake, ndani ya eneo linalotawaliwa na dola hiyo peke yake. Mwenye kibali akivuka mpaka, kibali hubaki nyuma, na bastola iliyokuwa mali halali asubuhi huweza kuwa ushahidi wa kosa la jinai ifikapo mchana, bila ya mwenyewe kubadili nia wala mwenendo wake. Mjini Juba, ambako barabara kuu ya uhai wa mji inaelekea moja kwa moja kwenye mpaka wa Uganda, na ambako hofu ya kushambuliwa njiani si ya kubuni, suala hili linamgusa mfanyabiashara, mwenye malori na afisa aliyestaafu kuliko linavyomgusa mkazi wa miji mingi ya kanda hii.

Kubeba bastola kwa kuificha maana yake ni kuwa nayo kiunoni, kwapani au mkobani kwa namna ambayo watu wa kawaida hawaioni. Katika nchi zenye utaratibu wa leseni, ufichaji huo hukubalika kwa sababu silaha inayoonekana sokoni huzusha taharuki na humtamanisha mwizi. Lakini silaha iliyofichwa machoni pa umma haipaswi kufichwa kwa mamlaka, kwani jina la mwenye nayo, namba yake na idadi ya risasi zinazoruhusiwa vimo katika daftari la serikali, na afisa anayestahili akiuliza ni lazima aambiwe. Mtu anayeificha kwa umma na kwa afisa vilevile hana tofauti na mfanya magendo, hata akiwa na leseni mfukoni.

Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, iliwekwa lami kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, na ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi hiyo changa. Kupitia humo huingia unga, mafuta, saruji na karibu kila bidhaa inayoliwa au kujengewa Juba, ikibebwa na malori ambayo madereva na matingo wake ni Waganda, Wakenya, Watanzania na Wasomali, na Kiswahili ni lugha yao ya kazi kuanzia Mombasa. Barabara hiyo hiyo imekuwa uwanja wa mashambulizi ya kuvizia. Mwaka 2021, baada ya madereva wa kigeni kuuawa katika barabara za kusini mwa nchi, wenzao waliegesha malori upande wa Elegu, Uganda, na kukataa kuingia hadi wahakikishiwe usalama. Anayesema kwamba angependa kusafiri na bastola katika njia kama hiyo hasemi upuuzi. Hata hivyo, jibu ambalo serikali imelitoa mara kwa mara ni doria za jeshi na misafara ya magari inayosindikizwa na askari, na kwa mtazamo wa makala hii hilo ni jibu la busara kuliko kumwachia kila dereva ajilinde, kwa sababu bastola moja dhidi ya kundi lenye bunduki za kivita humwongezea msafiri hatari, tena humgeuza mtu ambaye pengine angeporwa tu kuwa mtu wa kupigwa risasi kwanza.

Sheria ya Sudan Kusini kuhusu silaha ina historia fupi lakini yenye mikunjo. Kabla ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, kusini kulikuwa chini ya sheria za Khartoum, kisha chini ya serikali yenye mamlaka ya ndani iliyozaliwa na Mkataba wa Amani wa Kina wa mwaka 2005, ambayo ilitunga Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 2008. Sheria mahususi ya silaha za moto ilikuja mwaka 2016, ikafuatwa na kanuni zake mwaka 2017, na kwa hizo serikali ikataka kila raia mwenye silaha awe na leseni chini ya usimamizi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ni vigumu kupuuza wakati wake: sheria hiyo ilitungwa katika mwaka uleule ambao Juba ilishuhudia mapigano ya Julai kati ya vikosi vya viongozi wawili wa serikali moja, na karatasi ya leseni ikalazimika kushindana na hali ambayo silaha ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya mavazi ya wanaume wengi.

Ndani ya nchi yenyewe kuna mpaka mwingine usiopigwa muhuri wowote, yaani mpaka wa jimbo na jimbo. Juba imo katika Ikwatoria ya Kati, ilhali Nimule imo katika kaunti ya Magwi, Ikwatoria ya Mashariki, kwa hiyo msafiri wa barabara hiyo huvuka mstari wa jimbo kabla ya kuona bendera ya Uganda. Anayekwenda Bor huingia Jonglei, na anayekwenda Rumbek huishia katika jimbo la Maziwa. Mkataba wa mwaka 2005 ulikuwa umeweka utoaji wa leseni za silaha katika orodha ya madaraka ya majimbo, jambo linalofanana na mifumo ya shirikisho kwingineko, na sheria ya 2016 ikaja kama sheria ya taifa zima. Swali la nani hasa anatambua karatasi ya nani lingekuwa gumu hata katika nchi iliyotulia. Sudan Kusini, kwa upande wake, ilibadilisha majimbo yenyewe kutoka 10 hadi 28 kwa amri ya rais ya Oktoba 2015, kisha hadi 32 mwaka 2017, na kurudi 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala maalumu mwezi Februari 2020. Gavana aliyeweka saini mwaka mmoja huenda alikuwa wa jimbo lisilokuwapo mwaka uliofuata. Ndiyo maana mwenye leseni anayesafiri ndani ya nchi hufanya vyema kubeba waraka uliotoka kwenye wizara ya kitaifa, na kupata taarifa ya maandishi kutoka polisi wa jimbo analoondoka kwenda kwa polisi wa jimbo analoingia, badala ya kutegemea kwamba askari wa kizuizini atasoma sheria kama anavyoisoma yeye.

Kizuizi cha barabarani ndipo sheria hukutana na uzoefu. Askari wa hapo anajua kwamba idadi kubwa ya silaha zilizo mikononi mwa raia nchini humo hazijawahi kuandikishwa popote: taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Sudan Kusini walikuwa na silaha za moto zaidi ya milioni 1.2, wakati Kenya, yenye watu wengi mara kadhaa, ilikadiriwa kuwa na takriban 750,000. Nyingi ni bunduki za kivita zilizobaki kutokana na miongo ya vita, zinazolinda ng'ombe na kulipizia visasi. Kampeni za kuwanyang'anya raia silaha zimerudiwa mara nyingi, na baadhi yake zilimwaga damu nyingi kuliko zilivyookoa. Ya mwaka 2006 huko Jonglei iligeuka vita kamili, na ya Agosti 2020 huko Tonj Mashariki, jimbo la Warrap, iliua zaidi ya watu 100 kwa siku chache. Askari aliyepita katika historia hiyo hana sababu ya kuamini kwamba bastola iliyo chini ya shati la raia ni ile adimu yenye leseni.

Mpakani Nimule mambo huwa wazi zaidi, ingawa si mepesi. Mtu anayevuka na silaha huwa anatenda mambo mawili kwa hatua moja, kwa kuwa anaitoa silaha nje ya Sudan Kusini na kuiingiza Uganda, na kila tendo linahitaji kibali chake cha awali kutoka serikali inayohusika. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 inakataza kuingiza silaha bila kibali, na Sura ya 114 ya sheria za Kenya inakataza vivyo hivyo kwa anayeendelea hadi Busia au Malaba. Pengo la leseni ya Juba halijazwi na muhuri wa forodha. Hata kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hukagua watu na mizigo mahali pamoja, hakiunganishi sheria za silaha. Na Sudan Kusini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 kuliwapa raia wake nafasi katika soko la pamoja ambalo risasi si miongoni mwa bidhaa zake huru.

Kuna pia mkono mzito zaidi ambao wasafiri wachache huufikiria. Tarehe 13 Julai 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2428, liliweka marufuku ya kupeleka silaha Sudan Kusini, na kila mwaka tangu hapo, karibu na mwisho wa Mei, limekuwa likiirefusha. Lengo lake ni serikali na makundi yenye silaha, lakini maneno yake ni mapana: yanataja silaha na vifaa vinavyohusiana navyo vya aina zote, na yanazitaka nchi zote wanachama kuzuia visipelekwe katika eneo la Sudan Kusini kutoka kwao, kupitia kwao au na raia wao. Misamaha imeorodheshwa, mingi ikihitaji taarifa au idhini ya kamati maalumu ya Baraza, na haja ya mtu binafsi ya kujilinda haimo. Mganda mwenye bastola halali Kampala anayeamua kuja nayo Juba kwa biashara ya wiki moja anaweza, kwa hiyo, kuwa ameiweka serikali yake katika tatizo la kimataifa pasipo kukusudia. Marekani ilitangaza marufuku yake mwezi Februari 2018, na Umoja wa Ulaya una ya kwake ya tangu zamani zaidi.

Marufuku ya namna hii si ngeni katika ardhi hiyo. Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na Juba ya leo, ilikuwa katika miaka ya 1850 na 1860 kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum waliotawala kwa bunduki, na upande wa mashariki Zanzibar ilikuwa lango kubwa la silaha kuelekea bara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia uingizaji wa silaha za moto, hasa zile za kisasa za wakati huo, katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta, ukanda ambao Juba imo ndani yake kabisa. Walioutunga walikuwa dola zilizokuwa zikigawana bara hilo hilo, na ni haki ya msomaji kuona kwamba kuwalinda watu dhidi ya biashara ya utumwa na kuwanyima uwezo wa kupinga utawala mpya kulikwenda pamoja.

Utaratibu wa sasa wa kanda umejengwa na Afrika yenyewe. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi 11 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na kusimamiwa na Kituo cha Kanda cha Silaha Ndogo chenye makao yake Nairobi, ambacho Sudan Kusini ni mwanachama wake, inazitaka nchi kupiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha, bunduki otomatiki na zile nusu otomatiki, yaani zinazojipakia risasi zenyewe lakini hutoa moja kwa kila kuvuta kifyatulio. Bastola haimo katika katazo hilo kamili. Matokeo yake ni kwamba bastola imekuwa, pamoja na bunduki za kuwindia, silaha kuu ambayo raia wa kanda anaweza kuiomba kihalali, kwa masharti ya kupimwa uwezo, kuandikishwa, kukaguliwa na kutoiweka rehani. Itifaki pia inasisitiza kuchonga alama kwenye silaha na kutunza daftari la taifa, na hapo ndipo mzizi wa suala la safari ulipo: nchi haiwezi kuheshimu leseni ya jirani kama haiwezi kuihakiki. Kenya yenyewe, yenye urasimu wa siku nyingi, iliamuru Desemba 2018 wamiliki wote wa silaha wa kiraia wahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, kwa sababu vyeti vilivyokuwa mikononi mwa watu havikuaminika tena. Kama Nairobi ilitilia shaka karatasi zake yenyewe, afisa wa Elegu hawezi kulaumiwa kwa kutilia shaka za Juba.

Ulaya ilitatua sehemu ya tatizo hilo kwa kitabu kidogo kinachoitwa pasi ya silaha, kilichoanzishwa na agizo la mwaka 1991, ambacho humwezesha mwindaji au mlenga shabaha kusafiri na silaha zilizoandikwa ndani yake kati ya nchi wanachama. Hata huko, pasi hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu kutembea na bastola kiunoni.

Marekani ndiyo nchi ambayo wengi huitaja kama mfano wa uhuru wa silaha, na Wasudan Kusini wanaiona kwa karibu, kwa kuwa mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, una mojawapo ya jumuiya zao kubwa zaidi nchini humo. Nebraska iliruhusu mwaka 2023 watu wazima wasiokatazwa na sheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, na Iowa, iliyo ng'ambo ya mto Missouri, ilikwisha kufanya hivyo mwaka 2021. Mkazi wa Omaha anayevuka daraja kwenda Council Bluffs haoni tofauti kubwa. Akiendesha gari hadi New York, hata hivyo, atakuta jimbo lisilotambua vibali vya majimbo mengine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda anayepita tu kati ya mahali anapoweza kumiliki silaha kihalali na mahali pengine pa namna hiyo, ila kwa sharti kwamba haina risasi ndani na kwamba yeye aliyeketi garini hawezi kuifikia, wala yenyewe wala risasi zake. Ikiwa gari halina buti, silaha huwekwa katika kisanduku kilichofungwa kwa kufuli. Muswada wa kuyalazimisha majimbo yote yatambue vibali vya wenzao ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 na haukupita katika Seneti. Na ndugu anayetoka Juba kuitembelea familia hiyo kwa viza ya matembezi yuko katika hali tofauti kabisa: sheria ya shirikisho, isipokuwa katika mazingira machache kama vile kuwa na leseni ya uwindaji, inamkataza mgeni wa viza hiyo kuwa na silaha ya moto au risasi, hata kama ni ya binamu yake na hata kama jimbo halidai kibali.

Safari ya ndege kutoka uwanja wa Juba hufuata kanuni kali zaidi na, kwa bahati nzuri, zilizo wazi zaidi. Silaha haiingii chumba cha abiria. Husafirishwa katika mizigo ya chini ikiwa tupu, baada ya shirika la ndege kukubali mapema, na risasi za matumizi halali hazizidi kilo 5 kwa abiria mmoja zikiwa zimefungashwa vizuri, wala abiria wawili hawawezi kuchanganya sehemu zao katika furushi moja. Kukubaliwa na shirika la ndege hakumaanishi kukubaliwa na nchi ya kushukia, wala na nchi ya kubadilishia ndege, ambayo mara nyingi hudai kibali cha kupitisha tu.

Pale ambapo silaha huvuka mipaka ya Afrika Mashariki kihalali, utaratibu wake hufanana na ule wa mwindaji anayekwenda Tanzania: kampuni inayompokea huombea kibali cha kuingiza kwa muda, namba ya bunduki na hesabu ya risasi huandikwa kabla ya safari, hukaguliwa anapoingia, na hukaguliwa tena anapotoka. Maafisa wa balozi hawana njia ya mkato kama inavyodhaniwa, kwani Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, pamoja na kinga unazowapa, unawataka waheshimu sheria za nchi waliyomo, na silaha za walinzi wao hutokana na makubaliano ya serikali kwa serikali.

Kwa mkazi wa Juba mwenye bastola ya leseni anayekwenda Kampala kutibiwa au kununua bidhaa, njia inayobaki ni kuiacha, na hapo huzuka kosa la mwisho ambalo watu wema hulifanya kwa urahisi. Leseni ni ya mtu, wala si ya nyumba. Bastola ikikabidhiwa kaka, shemeji au mlinzi wa lango, aliyepokea anakuwa na silaha asiyo na leseni nayo, na aliyeikabidhi anakuwa ameitoa katika udhibiti wake. Sanduku la chuma lenye kufuli ambalo ufunguo wake anaondoka nao ni nafuu, lakini nyumba isiyo na mwenyewe kwa wiki kadhaa katika mji wenye uhaba wa silaha za kiraia zilizo halali na wingi wa zile zisizo halali ni mahali pabaya pa kuhifadhi chuma cha aina hiyo. Kilicho salama zaidi ni kuikabidhi ghala la silaha la kituo cha polisi kilichoiandikisha, ikiwa haina risasi, kwa stakabadhi inayotaja namba yake, idadi ya risasi, tarehe na jina la afisa aliyeipokea, na nakala ya stakabadhi hiyo kubaki na mwenye silaha hadi siku atakaporudi kuidai.